Jehanamu Niliyoichora Ukutani

Tawa, Jumapili jioni

Mwanangu Musyoka,

Mambo ya godoro, blanketi na nauli mama yako ameshakueleza, na kesho kabla gari halijaondoka atakueleza tena. Mimi simo. Ukisahau sabuni, huko unakokwenda kuna maduka. Nimekaa kwenye kibanda changu cha rangi, kwenye ile meza yenye madoa, nikuandikie jambo moja ambalo nimejaribu kukuambia kwa mdomo nikashindwa. Nikianza tu, unanikatiza kwa mstari wa Biblia. Nikijibu, unaleta mstari mwingine. Karatasi haikatizwi, na wewe tangu utotoni hukuweza kuacha kitu kilichoandikwa bila kukimaliza, hata kama ni kipande cha gazeti kilichofungiwa nyama.

Jambo lenyewe ni susu yako, mama yangu. Unakwenda chuo cha Biblia, utakaa huko miaka, na yeye ni mzee. Tangu ulipookoka Pasaka iliyopita hujala kwake. Unapita mlangoni pake, unamsalimia vizuri, lakini sahani yake huigusi, kwa sababu kabla ya kuwapakulia watu yeye humwaga chakula kidogo chini kwa ajili ya waliokufa. Ulimwambia hicho ni chakula cha mapepo, na kwamba njia yake inaishia motoni. Naogopa kwamba utaondoka hivyo. Naogopa kwamba siku utakaporudi utakuta nyasi zimeota mbele ya jiko lake, na mimi sitakuwa na neno la kukupa.

Sitakuambia mwacha mila ni mtumwa, jibu lako nalijua. Wala sitashindana nawe kwa maandiko, maana mimi pia ni mtu wa kanisa na nitakufa nikiwa mtu wa kanisa. Nataka kukueleza habari za jehanamu tu. Hapo nina haki ya kusema kuliko mwalimu yeyote atakayekufundisha huko, kwa sababu mimi niliichora.

Umewahi kusikia wazee wa sokoni wakiniita fundi wa moto, na nadhani ulifikiri ni kwa ajili ya rangi nyekundu iliyonishika kwenye kucha. Ni kwa ajili ya ukuta. Kanisa letu la kwanza lilibomolewa ukiwa bado unatambaa, kwa hivyo hukuuona. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Mimi nilikuwa kijana, nimeokoka juzi kama wewe, nina moto kama wewe, na kazi yangu ilikuwa kuandika majina ya maduka. Nilichora vichwa vya ng'ombe kwenye bucha, vikombe vya chai vinavyotoa moshi kwenye hoteli, na simba mmoja kwenye baa ambaye kila mtu alisema anafanana na paka wa mwenye baa. Ndivyo alivyokuwa. Simba sikuwa nimemwona, paka nilikuwa nimemwona. Shika hapo, maana ndipo shida yangu yote ilipotoka: mkono wangu haukujua kuchora kitu ambacho jicho halijaona.

Mwinjilisti wetu akaniita. Alitaka ukuta wa nyuma, ule wenye mlango, nichore jehanamu kutoka kona hadi kona, ili watu wakitoka ibadani waipite wakienda nyumbani. Nikamwambia, "Mwalimu, hiyo mahali sijawahi kuiona." Akasema, "Hata mimi sijaiona, na naihubiri kila wiki. Wewe soma halafu uchore."

Nikasoma. Nikapata ziwa la moto, funza asiyekufa, giza na kusaga meno. Haya, funza nitamchora vipi hadi aonekane kutoka mlangoni? Na giza je, nilichore kwa rangi gani na moto uko hapo hapo? Nikaanza na moto, kwa sababu moto naujua. Nilimaliza rangi nyekundu yote niliyokuwa nayo kabla sijafika katikati ya ukuta. Nikaona nisafiri hadi Kitui mjini kununua nyingine, na njiani nishuke Kwa Vonza, ambako kulikuwa na hoteli ya mchuuzi wa mifugo iliyotaka kuandikwa jina. Safari hiyo, Musyoka, ndiyo iliyonionyesha kwamba mtu anaweza kukaa ulimwenguni kama kuku ndani ya kikapu.

Mchuuzi yule aliitwa Abdullahi, Msomali wa upande wa Garissa, mtu mrefu mwenye ndevu zilizotiwa hina. Alileta mbuzi na ng'ombe kwa miguu hadi soko la Kwa Vonza na hoteli yake ilikuwa ya kuwalisha wachungaji wake. Nilipokuwa juu ya ngazi nikiandika, akaniuliza kwa nini nina haraka. Nikamwambia nina kazi ya kanisa, nachora jehanamu. Akaacha chai yake.

"Hiyo jehanamu yako iko na mlango ngapi?" akauliza.

Nikasema sijui, labda mmoja.

"Mlango moja? Wewe kijana, hiyo si jehanamu, hiyo ni duka. Iko saba. Na askari juu yake kumi na tisa, malaika, hawacheki, hawachukui hongo."

Nikashuka kwenye ngazi. Alinisimulia hadi kivuli cha hoteli kikavuka barabara. Alisema kuna mti unaoota chini kabisa ya moto, unaitwa zakumu, na matunda yake ni kama vichwa vya mashetani, na mwenye njaa hana budi kuyala, kisha hunywa maji yanayochemka kama ngamia mwenye kiu. Alisema ngozi ikiisha kuungua hubadilishwa, hupewa mpya, ili maumivu yasizoeleke. Alisema juu ya shimo hilo kuna njia nyembamba kuliko unywele, na kila mtu lazima aipite, mwema na mbaya, wengine kama umeme, wengine wakitambaa. Mimi niliyekuwa nimechora ndimi za moto nikajisifu, nilijiona mtoto anayechora kwa kijiti kwenye mavumbi. Sikuwa najua kwamba kuna watu wameitazama hofu kwa karibu hivyo hadi wakaona matunda yake.

Katikati ya hayo aliniambia jambo ambalo sijalisahau. Ilikuwa saa nane mchana, na wewe unaijua Kwa Vonza ya saa nane kabla ya mvua. Akasema kwamba moto wa jehanamu ulimlilia Mungu, ukasema, nimejila mwenyewe. Mungu akauhurumia, akaupa ruhusa ya kupumua mara mbili, pumzi moja ya joto na pumzi moja ya baridi. "Hili joto unasikia sasa," akasema akionyesha uwanja wa soko, "ni hiyo pumzi. Na huko ndani iko pahali pa baridi, zamhariri, inavunja mifupa." Nikamuuliza, baridi ndani ya jehanamu? Watu wa Kitui wangelipa kiingilio. Akacheka hadi akashika kifua. Kisha akakauka uso, akasema kwa sauti ya chini kwamba rehema ya Mungu imeitangulia hasira yake, na kwamba hilo nisiache kulichora. Nilimwuliza linachorwaje. Akasema, "Hiyo ni kazi yako. Mimi nauza mbuzi."

Fikiria, moto wenyewe kuomba kuhurumiwa, nao ukahurumiwa! Nilipanda basi la Kitui kama mtu aliyetoka matangani.

Kitui mjini rangi niliinunua kwa Mhindi mmoja aliyekuwa na duka la vyuma na rangi, mzee mnene wa kupenda maneno. Alipoona nataka nyekundu mikebe mingi, akauliza kama napaka mabati ya chifu. Nikamwambia. Badala ya kucheka, akainua pazia la nyuma ya kaunta. Ukutani kulikuwa na picha ya karatasi kutoka kwa wazee wake, imekaa humo hadi imepata moshi. Katikati amekaa hakimu, uso wa kijani, na nyati wake karibu. Kumzunguka, vyumba vidogo vidogo, kila chumba na mateso yake. Mmoja aliyewapika wanyama wakiwa hai, naye anapikwa ndani ya mafuta. Kuna wanaokimbia katika msitu ambao majani yake ni visu, na kwa sisi tuliokulia kwenye miiba hilo halikuhitaji kuelezwa. Kuna mmoja aliyebanwa kwenye mizani. Nikauliza huyo alifanya nini. Mzee akaangalia mizani yake mwenyewe pale kaunta, akaisogeza kando kidogo, akasema, "Huyo achana naye."

Nikamuuliza watu hao wanakaa humo kwa muda gani. Akanishangaa.

"Mpaka deni yake iishe. Iko mtu nakaa muda mrefu sana, hapana weza hesabu. Lakini naisha. Halafu narudi, nazaliwa tena, pengine ng'ombe, pengine mtu. Milele? Hapana. Ile ni jela, bwana, si kaburi."

Nilisimama pale na mikebe mkononi. Jehanamu yenye mlango wa kutokea! Sisemi ni kweli, mwanangu, na usiende kumwambia mwalimu wako kwamba baba anafuata dini ya mwenye duka. Nasema tu kwamba ardhi ilitikisika kidogo chini ya viatu vyangu, na nadhani mtu ambaye ardhi haijawahi kutikisika chini yake hafai kupewa mimbari.

Nilirudi Tawa nikamaliza ukuta. Na niwe mwaminifu, kama utakavyopaswa kuwa unapowahubiria watu: ukuta ule ulikuwa mzuri. Nilichora malango saba, mti wenye vichwa, msitu wa visu. Mwinjilisti aliuliza hayo yameandikwa wapi, nikamwambia ni mapambo. Vyungu vya mafuta vilikuwa sufuria zetu za harusi, kwa sababu ndizo nilizoziona. Malaika walinzi walivaa kama askari wa tarafa. Watu walianza kuja kuchungulia kabla haujakauka. Lakini wale waliokuwa ndani ya moto walihitaji nyuso, na nyuso, kama nilivyokwambia, sikuweza kuzitunga. Zile za pembeni niliziiba sokoni, nikazigeuza geuza pua. Ile ya katikati ilipaswa kuwa ya mganga, kwa agizo la mwinjilisti, ameshika kibuyu chake cha kutazamia. Mganga niliyemjua mimi alikuwa mmoja.

Babu yako, ambaye umepewa jina lake, alikuwa mundu mue, watu walimjia kutoka Mbooni hadi Kibwezi. Alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, bila kubatizwa. Sijui nikuambie nini kuhusu mkono wangu siku ile. Nilisema moyoni nachora mganga yeyote. Nilipoteremka kwenye ngazi na kurudi nyuma kutazama, ni yeye aliyenitazama, na tundu zake za masikio na lile jicho moja alilozoea kulifinya kabla hajasema mzaha. Ningeweza kumfuta pale pale, rangi ilikuwa mbichi. Nilimwacha. Nilimwacha kwa sababu uso ule ulikuwa kazi bora niliyowahi kufanya, na pia kwa sababu niliona wazee wa kanisa watasema, huyu kijana ameokoka kweli kweli, hakumwonea haya hata babake. Yote mawili ni kiburi. Nimekaa nayo miaka hii yote na bado sijui ni lipi lililo baya zaidi.

Siku ya kufungua ukuta susu yako alikuja. Hakuwa mtu wa kanisa, alikuja kwa sababu kazi ya mtoto wake ingeonwa na watu. Alivaa leso mpya. Alisimama mbele ya ukuta, umati ukamwachia nafasi, kila mtu akijua, hakuna aliyesema. Mimi nilikuwa nyuma yake nikitamani kuta ziniangukie. Aliutazama kutoka kona hadi kona. Kisha akageuka akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza chumvi:

"Umemtoa vizuri. Uso ni wake. Lakini mbona umemwacha peke yake? Nichore hapo kando."

Akangoja. Akasema tena, "Mimi ni bibi yake. Nafasi iko, hapo karibu na sufuria. Nichore." Kuna waliocheka, wakidhani ni mzaha. Alipoona simjibu, akafunga leso yake vizuri akaenda nyumbani, na kutoka siku hiyo hajaingia kanisani.

Baadaye nilirudi peke yangu nikampa yule mtu wa katikati ndevu na kofia. Watu wakaanza kusema nimemweka chifu motoni, na mwinjilisti akaitwa ofisini kujieleza. Ikabidi nipake chokaa kipande chote. Lakini chokaa haikufika machoni mwa mama yangu. Kwa hivyo unapomlaumu kwamba ni mgumu, kwamba injili imehubiriwa mlangoni pake miaka yote asitubu, ujue huo mlango niliufunga mimi, kwa brashi ya inchi mbili. Nakwambia hili si ili unihurumie. Nimeshamwomba msamaha, naye alinipa, tena akaniuliza kama nimekula.

Kuishi kwingi ni kuona mengi. Nilifikiri nimemaliza habari za jehanamu, kumbe bado. Ukiwa shule ya msingi nilipata kazi ya kuandika vibao vya mashamba ya majaribio pale Kiboko, mtama huu, mahindi yale. Kulikuwa na mtaalamu Mjapani, kijana mpole, akijifunza Kiswahili kwa kuuliza jina la kila kitu hata mavi ya mbuzi. Siku moja alimwona mtoto wa mpishi akipanga mawe, jiwe juu ya jiwe, unavyojua watoto wetu. Akasimama akatazama hadi macho yakamlowa. Nilimwuliza kuna nini. Akanieleza polepole, akitafuta maneno. Kwao wazee husema kuna mto ambao wafu huvuka. Watoto waliokufa wadogo hawawezi kuuvuka, kwa sababu hawajatenda jema lolote na wamewaachia wazazi huzuni. Basi hukaa ukingoni wakipanga mawe, jiwe la mama, jiwe la baba, na kila wakikaribia kumaliza, shetani huja akayaangusha kwa rungu. Wanaanza tena.

Wewe ulizaliwa baada ya dada yako Mwende. Hatumtaji sana kwa ajili ya mama yako. Surua ilimchukua akiwa ameanza kusema. Nilisimama pale kati ya mistari ya mtama na nikaona mikono yake, Musyoka, ile midogo, ikipanga mawe. Nilitaka kumkasirikia yule kijana. Ni watu gani hao wanaoweza kufikiria kitu kama hicho na bado wakalala usiku? Nikamwuliza, kwa ukali, ndiyo mwisho? Akasema hapana. Kuna mtakatifu mmoja mwenye kichwa kilichonyolewa, hupita pale ukingoni jioni, na watoto wakimwona hukimbilia kwenye mikono mipana ya vazi lake, naye huwaficha humo. Alisema kwao barabarani kuna sanamu zake za mawe, na akina mama waliofiwa huzivalisha kofia nyekundu na kitambaa cha shingoni, zisishikwe na baridi.

Nilikwenda nyuma ya stoo ya mbegu nikalia, na nilikuwa mtu mzima mwenye familia. Sijui kama nililia kwa huzuni au kwa ajabu ya jambo lile. Watu wa upande mwingine wa dunia, ambao hawajawahi kumsikia Mwende, walikuwa wameshamfikiria, wameshamwona ameketi kwenye mawe, na hawakuvumilia kumwacha hapo.

Nimekutana na jehanamu nyingi kuliko mtu wa Tawa anavyopaswa, na kila moja imeniacha mdogo kuliko ilivyonikuta. Mtu wa jangwani aliniambia kuhusu kiu. Mwenye duka alinionyesha mizani. Naona kila kabila hupika kwa kuni za kwao. Lakini kuna jambo lingine nililoliona nikashangaa zaidi. Katika wote walionisimulia, hakuna aliyeniambia kwamba mzazi wake yumo. Wote walijua mateso kwa majina yake, walijua milango na askari, lakini walipofika karibu na watu wao walipunguza sauti, wakaanza kusema habari za rehema, au jela inayoisha, au vazi lenye mikono mipana. Mimi peke yangu ndiye niliyemweka baba yangu humo, tena katikati, penye mwanga mzuri.

Na katika kuuliza kwangu kote, kuna mtu mmoja sikumwuliza kwa miaka mingi. Niliwauliza Wasomali, Wahindi na Wajapani, mama yangu sikumwuliza. Nilifikiri hana la kusema. Nilipotoka Kiboko likizo hiyo nilimkuta anachambua kunde, nikakaa naye. Nikamwambia, mama, kabla ya kanisa kuja, wazee wenu walisema wabaya wanakwenda wapi? Kulikuwa na moto?

Alinitazama kama aliyeulizwa kama mbuzi hutaga. "Moto ni wa kupikia," akasema. "Mtu akifa anakwenda wapi na nyumba yake iko hapa?"

Kisha akanionyesha mlima ulio ng'ambo. Alisema akiwa msichana waliona taa huko juu usiku ambapo hapakaliwi na mtu, na mama yake alimwambia hao ni aimu, waliotutangulia, wamewasha moto wa jioni, wana ng'ombe wao na mambo yao kama sisi. Nikauliza, na wabaya? Akasema nao wako huko huko, wanaendelea kugombana. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaacha kunde.

"Kitu ya kuogopa iko moja," akasema. "Ukae huko mbali, uone moshi kwa jiko ya watoto wako, usikie harufu ya chakula, na hakuna mtu anakutaja. Wanakula tu. Leo, kesho, mpaka jina lako linaisha. Hiyo ndiyo mbaya. Ndiyo mimi namwaga. Ya baba yako kwanza, ya mama yangu, halafu ile ya mwisho ni ya wale hawana mtu."

Hiyo ndiyo jehanamu ya susu yako, Musyoka. Haina shimo wala askari. Ni kuona moshi wa jiko la wanao bila kutajwa. Na ni hiyo peke yake, kati ya zote nilizosikia, ambayo kikongwe mmoja anaweza kuizima kwa kijiko cha mbao, kila siku, hata kwa watu asiowajua. Nilitazama ile ardhi mbele ya jiko lake, nyeusi kwa miaka ya uji na mahindi ya muthokoi, ambayo nilikuwa nimeipita nikiwa mlokole na pua juu, na nikaogopa kuikanyaga. Sisemi ni ibada yangu. Sijawahi kumwaga, na sitamwaga. Lakini niliogopa kuikanyaga.

Sasa unajua ulimwambia nini siku ya Pasaka uliposukuma sahani. Hukujua, na sikulaumu. Nilikuwa na umri wako nilipofanya mabaya zaidi. Susu yako hukuita "mume wangu", kwa sababu ya jina la babu yako. Kila anapokuita ukitoka shambani, anapata nafasi ya kumtaja mzee wake kwa sauti mchana kweupe bila mtu kumkemea.

Leo baada ya ibada aliniita. Nilimkuta amekwisha kutwanga mahindi ya muthokoi, mengi mno kwa mtu mmoja, na mbaazi zimelowekwa. Nitaandika maneno yake kama alivyoyasema, ingawa Kikamba chake ni kitamu kuliko Kiswahili changu.

"Mwambie kijana apite hapa asubuhi kabla ya gari," akasema. "Chakula itakuwa tayari."

Nikamwambia, mama, unajua msimamo wake.

"Najua. Kesho sitamwaga."

Nilifikiri sikumsikia vizuri.

"Sitamwaga hata punje. Nimeshaongea na baba yako. Nimemwambia wewe na wenzako kesho mkae njaa, huyu mtoto anasafiri na hawezi kula kama nimewapa nyinyi. Nimemwambia avumilie." Kisha akaangalia mikono yake. "Hakunijibu. Sijui kama atanisamehe nikifika huko. Lakini mtoto hawezi enda mbali na tumbo tupu."

Mwanangu, tangu aolewe hajawahi kupakua bila kuwapa. Hata mwaka wa njaa, tulipokula mizizi, aliwapa maji ya mizizi. Kesho asubuhi atawaacha wote wale wakitazama moshi wake, mume wake na mama yake na wale wasio na mtu, na anaamini kabisa, kuliko mimi na wewe tunavyoamini ziwa la moto, kwamba atakwenda kukaa miongoni mwao na kuulizwa. Anaingia huko anakokuogopa macho yakiwa wazi, kwa sahani moja ya muthokoi, ili wewe ule.

Sisi husema katika imani yetu kwamba kuna aliyeshuka kuzimu kwa ajili ya wengine. Nimeyasema maneno hayo kanisani tangu ujana wangu, na nilimaliza mikebe mingi ya rangi nikidhani naijua kuzimu. Sikuelewa maana yake hadi leo mchana, mbele ya jiko la mama yangu.

Atakuwa mlangoni kabla jua halijatoka. Usimpe mstari. Kaa kwenye kigoda chake, ule, na ukimaliza umwombe akuongezee.

Ni mimi, baba yako,
Kyalo